Kifo cha Mzee na Kalenda ya Goma

Kila mwaka tarehe 16 na 17 Januari Kongo nzima hupumzika. Siku ya kwanza ni ya Laurent-Désiré Kabila, aliyepigwa risasi na mlinzi wake katika Palais de Marbre mjini Kinshasa mwaka 2001. Ya pili ni ya Patrice Lumumba, aliyeuawa Katanga mwaka 1961. Lakini Goma, mji wetu wa mpakani, ina hesabu yake: tarehe hiyo hiyo 17 Januari, mwaka 2002, moto wa volkano ya Nyiragongo ulishuka, ukapita katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia ziwani.

Kalenda hizi mbili zinafaa kuwekwa pamoja, maana bado tunaamini kuwa mtawala akifa, zama zake huzikwa naye. Imani hiyo ni ya kale. Waandishi wa historia ya Roma hufunga sura kwa kifo cha Marcus Aurelius mwaka 180, kisha huanza kumlaumu mwanawe Commodus. Hufunga nyingine mwaka 235, askari walipomuua Severus Alexander na dola ikaingia karibu miaka hamsini ya makaisari wa kupinduana. Kitabuni inapendeza. Lakini hata waliomchoma Julius Caesar visu mwaka 44 kabla ya Kristo walitazamia jamhuri irudi. Walichovuna ni vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mwishowe Augusto, kaisari wa kwanza.

Kifo cha Mzee Kabila kilibadilisha mambo, na anayekana hilo hasemi kweli. Alikuwa ameyakwamisha makubaliano ya amani ya Lusaka ya 1999 na kumfungia ofisi mpatanishi, Ketumile Masire. Mwanawe Joseph, kijana wa miaka 29, aliapishwa tarehe 26 Januari 2001 na kuufungua mlango ambao baba aliufunga. Mazungumzo ya Sun City yakafuata mwaka 2002, mkataba wa Pretoria Desemba ya mwaka huo, na serikali ya rais mmoja na makamu wanne mwaka 2003. Kwa Kinshasa, zama ziligeuka.

Je, Goma? Hapa walitawala waasi wa RCD tangu Agosti 1998, wakiwa na jeshi la Rwanda nyuma yao. Risasi ya Palais de Marbre haikuwaondoa. Novemba 2000 walikuwa wameipa kampuni moja, SOMIGL, ukiritimba wa kuuza nje madini ya coltan wakati bei yake ilipopaa. Mwaka 2001 bei ikaporomoka na ukiritimba huo nao ukafa. Soko la dunia liligusa mifuko ya Kivu upesi kuliko msiba wa Kinshasa.

Mobutu, rais aliyeondolewa na Mzee, naye alifia Rabat tarehe 7 Septemba 1997, wakati utawala wake ulikuwa umekwisha. Kwa Goma ulikwisha mapema zaidi: AFDL, waasi wa Mzee Kabila, waliuchukua mji mwanzoni mwa Novemba 1996, miezi sita na zaidi kabla ya Kinshasa.

Kifo kilichokata historia ya mji huu vipande viwili, kwa maoni yangu, si cha mtawala wetu hata mmoja. Ni cha rais wa Rwanda, Juvénal Habyarimana, ambaye ndege yake ilitunguliwa Kigali tarehe 6 Aprili 1994. Mauaji ya kimbari yakafuata, na katikati ya Julai, kwa siku chache tu, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka na kumwagika Goma. Kipindupindu kikawaangukia. Ardhi hapa ni mawe ya volkano. Jembe linagonga na kurudi. Maiti zilifungwa katika mikeka na kulazwa kandokando ya barabara, hadi askari wa Ufaransa walipochimba mashimo ya pamoja kwa tingatinga. Kibumba, Katale na Mugunga yakawa majina ya kambi kubwa, na ndani ya kambi hizo jeshi la Rwanda lililokuwa limeshindwa pamoja na wanamgambo wa Interahamwe walijipanga upya. Mizizi ya vita vya 1996 ilikuwa hapo.

Hata hivyo, hata kifo hicho hakikuleta balaa peke yake. Silaha zilikuwa zimegawanywa na wanamgambo kufunzwa kabla ndege haijaanguka. Ndivyo ilivyo pia Roma: mwaka 193 walinzi wa ikulu walimuua Pertinax, kisha wakanadi kiti cha enzi, naye Didius Julianus akakinunua. Mnada ule usingewezekana kama walinzi hawakuwa tayari mabwana wa jiji. Kwa hiyo, habari ya kifo ikitoka ikulu yoyote, mimi huuliza kwanza bunduki ziko kwa nani na ushuru wa pale Grande Barrière, mpakani na Rwanda, unaingia mfuko gani. Majibu hayo yakibaki yale yale, zama hazijaisha. Aliyekufa ni mtu.

Januari 2025 gavana wa kijeshi wa mkoa wetu, Peter Cirimwami, alijeruhiwa kwenye uwanja wa vita na kufa, siku chache kabla waasi wa M23 hawajaingia Goma. Kifo chake hakikuuangusha mji. Vita vilikuwa vimeshafika Sake, jirani tu na Goma. Tangu hapo anayepokea ushuru mpakani amebadilika tena, na hakuna rais aliyekufa.