KUKU MGENI AFUNGWE KAMBA

Wakulima wenzangu, wazee wetu walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wengi wetu huitumia methali hii kwa watu, tukasahau kwamba ilianza kwa kuku mwenyewe. Mimi naona yafaa tuirudishe bandani, maana kuku anayeingia nyumbani bila kufungwa kamba ndiye anayetumalizia mayai.

Watazameni akina mama wa Mji wa Kale hapa Mombasa. Nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, na ua ni mdogo, pengine hautoshi kuanika majamvi mawili. Hata hivyo utakuta uani mitetea watano au sita. Asubuhi hupewa machicha ya nazi, ukoko wa wali na mabaki ya mchicha. Maganda ya mayai hupondwa wakarudishiwa, ili wapate chokaa ya kufanyia maganda mapya. Yai hutiwa katika bakuli la maji: likizama na kulala ni jipya, likielea halifai. Mwezi wa Ramadhani ukifika, mkate wa mayai hupikwa kwa mayai ya uani, na yanayozidi hununuliwa na jirani.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme mtetea wa kienyeji ametaga mayai 12, kisha akaatamia siku 21 na kulea. Akifanya hivyo mara 3 kwa mwaka, ni mayai 36. Mitetea 6 watatoa mayai 216, yaani trei 7 za mayai 30, na mayai 6 juu yake. Hiyo ndiyo mali inayoweza kupotea katika juma moja kideri kikiingia.

Kideri si kitu kipya kwetu. Katika Kenya kiliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935, na kilionekana hapa hapa Mombasa, kisha kikaenea bara. Dalili zake mwazijua: kuku husinzia, manyoya yakasimama, akaharisha kijani, akapinda shingo; mayai hupungua au hutoka na ganda laini. Wako wasemao kwamba huletwa na upepo wa msimu, kwa hiyo hakuna la kufanya. Sikubaliani nao. Virusi vya kideri hutoka katika kinyesi na ute wa kuku mgonjwa, vikashika tenga, viatu na mikono. Mara nyingi ni sisi wenyewe tunaovipeleka nyumbani.

Twavipelekaje? Mgeni wa shamba aendapo mjini huchukua kuku wa zawadi, naye akifika huachiwa uani siku hiyo hiyo. Nanyi wa mashamba ya skimu, iwe Mtondia, Magarini au Mpeketoni, hupeleka kuku sokoni, na wasiouzika hurudi katika tenga lile lile. Kuku hao wameshinda kutwa nzima pamoja na kuku wa watu wasiojulikana.

Rai yangu ni hii: kuku aliyefika sokoni asirudi bandani. Asipopata mnunuzi, achinjwe akiwa mzima, watoto wapate kitoweo. Ikiwa hapana budi kumweka, basi akae peke yake siku 21, mbali na wenziwe, na awe na chombo chake cha maji. Kuku wa zawadi naye afanyiwe vivyo hivyo. Tenga lisuguliwe kwa maji na sabuni, kisha lianikwe juani.

Mtu ataniuliza, "Kuku wangu wakianza kusinzia, si afadhali niwauze kabla hawajafa?" Ndugu yangu, hapo umeuza hasara yako kwa mwenzako. Yeye atawapeleka kwake, na mwezi ujao mtu mwingine atakuuzia wewe hasara ya namna hiyo hiyo. Waliougua wasitoke shambani. Waliokufa wafukiwe shimo refu au wachomwe, wala wasitupwe jaani ambako mbwa na kunguru watawatawanya.

Lakini kinga iliyo bora ni chanjo. Iko chanjo ya tone moja katika jicho moja la kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Hupewa kuku wazima tu, maana haimponyi aliyekwisha ugua. Najua wengi husema, "Chupa moja yatosha kuku wengi, nami ninao 6 tu." Ni kweli, na chupa ikishachanganywa haiwekwi mpaka kesho. Basi kwa nini ununue peke yako? Jirani kumi wenye kuku 6 kila mmoja wana kuku 60. Changeni fedha, mwiteni Bwana Mifugo asubuhi moja, na kila mtu awafungie kuku wake ndani tangu usiku ili wasiwatoroke. Mwandikieni mtoto wa shule tarehe katika daftari lake, awakumbusheni miezi 3 ikitimia.

Kuku wa jirani hunywa katika mfereji mmoja na wako. Asipochanjwa yeye, wako hawana salama kamili. Kwa hiyo juma hili, kabla ya kununua mtetea wa saba, piteni nyumba kwa nyumba mpate hao jirani kumi.

Karani wa Kilimo, Mombasa