UCHAMBUZI: Simu yaweza kumpa mwanagenzi wa mjengo ushahidi wa ujuzi wake

VIJANA wengi wanaojenga nyumba nchini Kenya hawakujifunza kazi hiyo chuoni. Walianza kwa kubeba mawe na kukoroga simiti, wakaiba ujuzi kwa macho hadi fundi alipowakabidhi mwiko. Miaka inapopita huwa na ujuzi mikononi bila cheti mfukoni, na ujira wao hubaki ule wa kibarua.

Ugumu wa kuthibitisha ujuzi huo umo katika kazi yenyewe. Vyuma vya nguzo vikishafungwa, humwagiwa zege. Msingi ukishakamilika, hufukiwa. Kazi inayobeba uzito wa jengo zima ndiyo isiyoonekana tena, na mtahini hawezi kupasua nguzo ili ajue vyuma vilipangwaje na ni nani aliyevifunga.

Hapo ndipo simu ya mkononi inapofaa. Picha iliyopigwa kabla ya zege kumwagwa, ikiandamana na maelezo mafupi ya sauti kuhusu vipimo vilivyotumika, humpa mwanagenzi rekodi ya kazi yake. Fundi mwenye tajriba naye hupata fursa ya kumkosoa kabla kosa halijazikwa.

Njia ya kuitumia rekodi hiyo imeanza kufunguka. Sheria ya 2011 iliyobuni Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA) inataka mafundi waidhinishwe, nayo sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa ilizinduliwa 2024.

Hata hivyo, picha pekee haithibitishi ni mkono wa nani uliofanya kazi. Sharti msimamizi aishuhudie, na mtahini amhoji kijana ana kwa ana. Isitoshe, simu mkononi mwa mtu aliye juu ya kiunzi ni hatari. Itumike kazi ikiwa imesimama.

Kikwazo kikuu ni gharama. Anayelipwa kwa siku hawezi kununua data kisha apoteze saa za kazi akijifunza. Waajiri hutozwa Sh50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi ili kugharamia mafunzo ya viwandani. Iwapo fedha hizo hazitamfikia kijana wa mjengo, mzigo wa kumfunza fundi utaendelea kubebwa na yule anayelipwa kidogo zaidi, ilhali usalama wa wakazi wa jengo unategemea vyuma alivyofunga.