Kunyamaza kwa Taa Si Kupona kwa Gari

Wapo wanaodhani kwamba mwanaisimu hana la kusema kuhusu gereji. Mimi sikubaliani nao. Yeyote aliyewahi kuketi chini ya mgunga pale Masalani, makao makuu ya Ijara, akawasikiliza mafundi wa jua kali wakizungumza na madereva, atakiri kwamba hapo Kiswahili hufanyishwa kazi ngumu kuliko darasani. Fundi ni Msomali, mwanagenzi wake ni Mpokomo, dereva ametoka Lamu au Garsen, na mwenye gari ni mwalimu aliyehamishwa kutoka bara. Lugha inayowakutanisha wote hao ni Kiswahili. Hata neno gari lenyewe ni msafiri: lilivuka bahari kutoka Bara Hindi, nao Wasomali wakalipokea na kulitamka gaari.

Kuna tiba moja iliyoenea katika gereji hizo. Taa ya manjano yenye umbo la injini ikiwaka kwenye dashibodi, fundi hufungua boneti, huchukua spana namba 10, hulegeza nati ya waya hasi wa betri na kuuweka waya huo kando. Watu hunywa chai. Baada ya robo saa hivi waya hurudishwa, injini huwashwa, na taa haionekani tena. “Mwalimu, gari limepona,” fundi husema. Mwalimu hulipa, hushukuru, huenda zake.

Neno hilo, limepona, ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Hebu tutazame kinachotendeka. Magari mengi yanayotufikia kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika huko huongozwa na kompyuta. (Wenzangu watanilaumu kwa kutosema tarakilishi, na wengine watadai ngamizi, fundi husema kompyuta, nami namfuata.) Kompyuta hiyo hupokea habari kutoka kwa vihisi vya injini: joto la maji, kiasi cha hewa inayovutwa, oksijeni iliyosalia katika moshi wa ekzosi. Habari zisipoingiana, huandika namba ya hitilafu katika kumbukumbu yake na kuiwasha ile taa. Isitoshe, hujifunza. Kadiri injini inavyochakaa, kompyuta huongeza au hupunguza petroli kidogo kidogo na kuyahifadhi mafunzo hayo. Katika magari mengi, hasa yale ya miaka ya 1990, kumbukumbu hizi hudumishwa na umeme mdogo wa betri. Umeme ukikatwa, kila kitu kilichohifadhiwa humo hufutika.

Kwa hiyo kilichoondoka ni habari ya ugonjwa. Waya uliokatika ungali umekatika, na kihisi kilichoingiwa na maji kingali na maji. Gari likisha kutembea kiasi cha kompyuta kukagua tena, taa itawaka upya, na mwenye gari atamwita fundi tapeli. Ni sawa na mwanafunzi anayefuta kwa raba alama nyekundu za mwalimu wake, kisha akampelekea mzazi daftari safi.

Hata hivyo, sitaki kumdhulumu fundi. Tiba yake si uzushi. Katika Toyota za miaka ya 1990, watengenezaji wenyewe waliagiza kwamba fyuzi ya mfumo wa petroli iondolewe kwa sekunde 10 au zaidi ili namba zifutike. Lakini waliagiza hivyo baada ya hitilafu kurekebishwa. Vilevile, gari likipita katika maji mengi, kama yale yaliyoifunika barabara ya Garissa mwishoni mwa mwaka 2023, viungio vya nyaya huweza kulowa, vikakauka, na namba ikabaki kumbukumbuni bila ugonjwa wowote. Hapo kufuta kunafaa kabisa.

Magari mapya, kwa upande mwingine, hayadanganyiki kwa urahisi. Mengi huweka namba za hitilafu katika kumbukumbu isiyohitaji umeme, zikiwamo zile za mifuko ya hewa inayomlinda dereva wakati wa ajali. Yale yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani tangu toleo la 2010 yana namba ambazo hata mashine haiwezi kuzifuta, mpaka kompyuta yenyewe ihakikishe kwamba hitilafu imekwisha. Anayechomoa betri ya gari la namna hiyo huenda asipate faida yoyote ila redio inayodai namba ya siri na madirisha yaliyosahau kujifunga yenyewe. Na akithubutu kuichomoa injini ikiwa inanguruma, umeme wa oltaneta huweza kupanda ghafla na kuiunguza kompyuta. Waya hasi hutangulia kufunguliwa kwa sababu mwili wa gari umeunganishwa nao: ukianza na chanya, spana ikagusa bati, cheche zitaruka.

Haya yana uzito gani Ijara? Kutoka Masalani hadi hospitali ya rufaa ya Garissa ni zaidi ya kilomita 140. Dereva anayembeba mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku wa mvua, akiwa ameambiwa kwamba gari limepona, huondoka na uamuzi tofauti kabisa na yule aliyeambiwa, “Abti, nimefuta namba, lakini hitilafu sijaiona.” Huyu wa pili angetafuta gari jingine kabla ya kung’oa nanga.

Mafundi vijana siku hizi wana neno kuriseti. Sina ugomvi na ukopaji. Betri, spana na fyuzi zote tumezikopa na hakuna aliyekufa. Ugomvi wangu ni kwamba neno hilo limemeza vitendo vitatu ambavyo Kiswahili kinavitenga vizuri: kusoma namba, kurekebisha hitilafu, kufuta kumbukumbu. Kibaya zaidi, mitaala ya ufundi huandikwa kwa Kiingereza, ilhali Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mwanagenzi wa Masalani hujifunza kwa kutazama mikono ya bwana wake, na mikono haielezi sababu. Istilahi si tatizo. TUKI ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990.

Ningependa mwalimu wa fizikia na mwenzake wa Kiswahili wawapeleke wanafunzi wa sekondari gereji alasiri moja, wakiwa na daftari la kumwachia fundi, lenye safu tatu: namba iliyosomwa, kilichorekebishwa, tarehe ya kufuta. Katika Toyota nyingi za zamani hata mashine haihitajiki. Kuna kisanduku kidogo cha viungio chini ya boneti. Ukiunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha ukafungua swichi bila kuwasha injini, taa yenyewe huwaka na kuzimika kwa hesabu. Ikiwaka mara mbili, ikatua kidogo, ikawaka tena mara mbili, hiyo ni 22: kihisi cha joto la maji.