Viatu Navyo ni Maleba

Wenzangu mnaotengeneza filamu kwa simu hapa Gisenyi hujitetea kwamba kamera haioni miguu. Napinga. Mtazamaji asipokiona kiatu, atauona mwendo. Mwigizaji aliyebanwa na kiatu huchechemea, hata akivishwa mavazi ya kifalme.

Wengine hukimbilia makatambuga, yale tunayoyaita rugabire, eti ndiyo ya asili. Asili ya lini? Mwami Kigeli Rwabugiri alifariki mwaka 1895. Dunlop alisajili tairi lake la upepo mwaka 1888, tena kwa ajili ya baiskeli. Askari wa Rwabugiri aliyevaa tairi ni uongo unaotembea. Makatambuga yanamfaa mkulima au mchuuzi wa enzi za magari.

Wapo pia wanaowakimbiza waigizaji pekupeku juu ya mawe ya volkano na kuuita uhalisia. Huo ni ukatili. Kata tyubu kuukuu kwa umbo la unyayo, ibandike kwa utepe wenye gundi pande mbili, kisha paka udongo pembeni. Mguu utaonekana mtupu, na ngozi itasalimika.

Makatambuga nayo yawekewe ngozi laini chini ya mikanda, kisha mwigizaji ayavae wiki nzima kabla ya kurekodi. Yatalainika na kuchakaa kwa wakati mmoja. Basi anayesema lazima tuchague kati ya starehe na uhalisia ni mvivu wa maandalizi tu.

Nanyi wahadhiri mnaotoa alama za maleba, anzeni kutazama chini.