Jua dogo la California na dhamiri yetu



Wapo waamini wanaouliza kama ni halali mwanadamu "kutengeneza jua". Swali hilo linatokana na kazi ya maabara ya Lawrence Livermore, huko California, Marekani. Tunaona si vema kulijibu kwa hofu, wala kwa kupiga makofi tu.

Kwanza tuelewe kinachofanyika. Miale 192 ya leza huelekezwa ndani ya kopo dogo la dhahabu. Kuta zake hupata joto na kutoa eksirei, nazo huunguza ganda la kidonge kidogo kama punje ya pilipili manga, chenye aina mbili nzito za haidrojeni. Ganda linapofyatuka kwenda nje, kilichobaki husukumwa ndani na kushindiliwa hadi kuwa plazma yenye joto la zaidi ya nyuzi milioni 100, kupita kitovu cha jua. Tarehe 5 Desemba 2022, megajuli 2.05 za leza zilizaa megajuli 3.15. Lakini mitambo ya leza yenyewe ilivuta umeme wa megajuli 300 hivi. Taa za nyumbani bado zitasubiri.

Je, ni dhambi kujua haya? Hapana. Padre Georges Lemaître, Mbelgiji, alichunguza chanzo cha ulimwengu kwa hesabu na akabaki padre mwaminifu. Anayechunguza jinsi nyota zinavyowaka hamnyang'anyi Muumba kitu.

Ugumu uko kwingine. Marekani ilisimamisha kulipua mabomu ya nyuklia chini ya ardhi mwaka 1992, na maabara hii husaidia kuhakikisha kwamba mabomu yaliyopo bado yanafanya kazi. Wengine husema: afadhali kidonge kuliko bomu. Ni kweli, nasi tunashukuru. Hata hivyo, Papa Fransisko, akiwa Hiroshima Novemba 2019, alifundisha kwamba hata kumiliki silaha hizo ni kinyume cha maadili. Basi kuacha kuzilipua hakutoshi, ikiwa nia ni kuendelea kuzitunza.

Ndugu mafrateri, mtaulizwa haya parokiani. Msikimbilie kulaani wala kusifu. Ulizeni mambo mawili: je, ni kweli? Na je, inamtumikia nani? La kwanza tuwaachie wanasayansi. La pili ni letu sote, nao wakiwemo.