Bei ya Pamba Ikianguka, Daftari Lifunguliwe

Msimu wa pamba wa mwaka 2019 ulifunguliwa kwa bei elekezi ya shilingi 1,200 kwa kilo. Wakulima wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega walipeleka mazao yao kwenye maghala ya vyama vya msingi wakitumaini kurudi nyumbani na fedha mkononi. Haikuwa hivyo. Ugomvi wa kibiashara baina ya Marekani na China uliporomosha bei ya nyuzi katika soko la dunia, wanunuzi wakasitasita, na wakulima wengi wakabaki na stakabadhi kwa miezi kadhaa. Mwaka uliofuata maradhi ya Korona yalisimamisha viwanda vya nguo katika nchi nyingi, na bei elekezi ikashuka hadi shilingi 810.

Hakuna mwenyekiti wa chama cha msingi aliyeyasababisha hayo. Hata hivyo ni mlangoni pake wakulima walikokwenda kuuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza. Katika msimu mzuri hata kiongozi goigoi huonekana hodari, kwa kuwa fedha humfichia makosa. Msimu mbaya humvua nguo.

Kiongozi mwenye hofu aghalabu hufanya jambo moja: hujificha. Ofisi hufungwa mapema, na karani huagizwa awaambie watu warudi Jumatatu. Jumatatu ikifika huambiwa Jumatatu nyingine. Mkulima aliyetembea tangu alfajiri, ilhali mtoto wake amerudishwa shuleni kwa kukosa sare na daftari, haelewi habari za soko la dunia. Anachoelewa ni kwamba anadanganywa. Msimu ufuatao hupunguza ekari za pamba na kupanda dengu au mtama. Mwingine humwagia pamba maji na kuichanganya na mchanga ili kujilipa mwenyewe kwa uzito wa uongo. Kinu kikipokea uchafu huo, bei hushuka tena, na safari hii si kwa sababu ya Marekani wala China.

Inafaa kukumbuka ushirika wa Kanda ya Ziwa ulitokana na nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walichoshwa na mizani iliyowapunja, wakataka mtu wao asimame kando ya mizani hiyo na kusoma. Kutokana na madai hayo viliota vyama vya msingi, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wao wa Victoria, ambao Ndugu Paul Bomani alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Kwa hiyo ushirika ulizaliwa na haki ya kuona hesabu. Kiongozi anayeficha hesabu amerudisha mizani ile ile, tofauti ni kwamba sasa imo ndani ya nyumba.

Kufungua daftari si maneno matamu ya mkutanoni. Mwenyekiti hana budi kueleza kwamba kilo moja ya pamba ya shambani hutoa takriban theluthi moja ya nyuzi, na kwamba sehemu kubwa ya inayobaki ni mbegu za kukamulia mafuta. Aeleze chama kinadai nani, kinadaiwa kiasi gani cha mbegu na viuadudu, na ushuru wake umekwenda wapi. Lisilojulikana aseme halijulikani.

Kisha liko swali gumu zaidi: fedha kidogo zikifika, nani alipwe kwanza? Hapa ndipo vyama huvunjika. Orodha ibandikwe ukutani kwa kufuata tarehe ya kupima, na wajumbe wa bodi pamoja na jamaa zao wakae mwisho. Watasema ni uonevu, kwa kuwa nao ni wakulima. Ni kweli, lakini waliomba kura wenyewe. Kadhalika, ikilazimu kubana matumizi, posho za vikao zikatwe kabla ya kuguswa mshahara wa mlinzi au karani wa mizani. Mlinzi asiyelipwa, naye analinda ghala lililojaa pamba, ni hatari kuliko bei yoyote. Huko Usukumani hoja hii si ngeni: nsumba ntale, kiongozi wa kundi la vijana wa kulima, hakurithi cheo bali alichaguliwa na wenzake.

Watumishi wa Serikali nao wana sehemu yao. Afisa anayesimama mbele ya wakulima na kutangaza kwamba malipo yatafika wiki ijayo, bila barua ya benki mkononi, humharibia mwenyekiti kazi ya mwaka mzima. Mkaguzi wa hesabu naye kwa kawaida hufika baada ya madhara. Lakini mwalimu yupo kijijini siku zote, na mara nyingi yeye mwenyewe ana ekari mbili za pamba. Akiombwa kuisomea hadhara karatasi ya mapato na matumizi, kwa Kiswahili au kwa Kisukuma, asikatae kwa kuogopa kuitwa mchochezi. Karatasi hiyo iwe imekwisha kusomwa kabla gunia la kwanza halijapandishwa kwenye mizani.