Alama ya Mahali Tulipofika

 

Juma hili tunajibu barua ya dada yetu mmoja aliyeko Machakos, mzaliwa wa pwani aliyemfuata mumewe bara, ambaye mchana huendesha kibanda cha kuchapa barua na kutoa nakala. Usiku, watoto wakishalala, huketi na kompyuta yake ya zamani akanakili daftari la marehemu baba yake. Daftari hilo limeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na ndani yake mna nasaba ya ukoo, mali, amana na madeni. Usiku mmoja humaliza ukurasa, usiku mwingine nusu, na usiku mwingine stima hupotea kabla hajaanza.

Lalamiko lake ni hili: kila afunguapo waraka, kile kijiti kinachometameta, ambacho wataalamu hukiita kielekezi, humkuta mwanzoni kabisa, ukurasa wa kwanza, kana kwamba hajawahi kuandika. Humbidi ashuke kurasa kwa kurasa akitafuta alipoachia. Anatuuliza, je, kompyuta imezeeka? Na je, aache kazi hii?

Swali lingekuwa dogo lau lingehusu usumbufu peke yake. Lakini dada anatueleza kwamba mara mbili alianza mahali pasipo pake, kwa kuwa maingizo mengi ya baba yake huanza kwa maneno yale yale: "Na kwa fulani..." Mara moja alirudia mistari minne. Mara nyingine aliruka mmoja, na mstari huo ulikuwa wa deni: fedha ambazo marehemu alikopa kwa jirani, mama wa makamo ambaye hana shahidi ila daftari hilo. Nakala iliyochapwa ikasomwa mbele ya warithi bila deni hilo. Lau shangazi mtu asingeomba daftari lenyewe lifunguliwe, mirathi ingegawanywa. Nasi sote twajua kwamba deni la maiti hutangulizwa kabla ya mrithi yeyote kupata fungu lake. Basi mahali pa kijiti kinachometameta paligeuka kuwa haki ya mtu.

Kwanza tuondoe dhana kwamba kompyuta imesahau. Programu ya kuandikia haina kumbukumbu ya moyoni kama yetu. Hukumbuka kile tu ilichoandika mahali fulani. Kwa hiyo swali la kuuliza ni moja: alama ya mahali tulipofika imeandikwa wapi? Majibu yanayowezekana ni matatu. Ama imeandikwa ndani ya waraka wenyewe, ama imeandikwa ndani ya kompyuta pembeni ya waraka, ama haikuandikwa popote. Ukilijua jibu, dawa hujulikana.

Tuanze na programu iliyomo katika kompyuta yake ya nyumbani, LibreOffice, inayopatikana bila malipo. Programu hii ina udugu na sisi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili; na LibreOffice ilichipuka kutoka OpenOffice hiyo mwaka 2010. Basi LibreOffice huweka alama ya mahali ndani ya waraka wenyewe, lakini kwa sharti ambalo watu wengi hawalijui: hukurudisha ulipofika pale tu inapokutambua kuwa ndiwe uliyehifadhi waraka mara ya mwisho. Nayo hukutambua kwa jina. Ikiwa mpwa au fundi aliiweka programu na kuacha nafasi ya jina tupu, programu haina wa kumtambua, na hufungua waraka mwanzoni kama mgeni anavyoanzia mlangoni.

Dawa yake ni nyepesi. Fungua menyu ya zana, shuka hadi mwisho wa orodha penye chaguo, na chini ya jina la LibreOffice utakuta, juu kabisa, sehemu ya maelezo ya mtumiaji. Andika jina lako la kwanza na la ukoo, ukubali, kisha ufungue waraka wako, uandike neno, uhifadhi na ufunge. Ukiufungua tena, utarudi ulipokuwa. Usiporudi, bonyeza kitufe cha Shift pamoja na F5. Kama bado haikubali, tazama sifa za waraka katika menyu ya faili: kuna kisanduku kidogo kinachoruhusu maelezo ya mtumiaji yatumike, na huenda alama yake imefutwa. Tena uhifadhi waraka kwa muundo wa programu yenyewe, ule unaoishia kwa herufi odt, maana ndio wenye nafasi maalumu ya kutunzia mambo haya.

Kuna sharti jingine, nalo ni kuhifadhi. Alama huandikwa wakati wa kuhifadhi. Anayesoma tu kisha akafunga bila kuhifadhi, au anayekatikiwa na stima katikati ya kazi, alama yake hubaki pale alipohifadhi mara ya mwisho. Wenye kuishi na stima ya kwenda na kurudi na wazoee kubonyeza Ctrl na S kila wamalizapo ingizo moja.

Sasa twende kibandani. Dada anasema kazi ikipungua mchana huchomeka flashi kwenye kompyuta ya kibanda na kuendelea na daftari humo, akitumia Microsoft Word. Hapa mambo ni tofauti. Word, tangu toleo la 2013, hukukaribisha ufunguapo waraka kwa kialama kidogo upande wa kulia, na ukikibonyeza hukupeleka ulipoachia. Shift na F5 hufanya kazi humo pia, mradi uvibonyeze mara tu waraka ufungukapo, kabla hujaandika chochote. Lakini kumbukumbu hiyo ya mahali pa kusoma Word huitunza katika kompyuta, pembeni ya waraka. Flashi hubeba waraka na kuiacha kumbukumbu kibandani. Basi mwenye kuandika mchana kwa mashine moja na usiku kwa nyingine, tena kwa programu mbili, asishangae alama zikipotea njiani. Kila mashine inajua ya kwake, na ya mwenziwe haiijui.

Vijana wanaosomea kompyuta watatuuliza juu ya programu za maandishi matupu, nasi hatutawapita. Faili la maandishi matupu halina kitu ila herufi. Hamna pembe ya kufichia alama. Kwa hiyo programu hulazimika kuwa na daftari lake la pembeni. Mfano ni Vim, iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar. Mtu huyo alikwenda kujitolea mwaka 1994 katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, eneo ambalo ukimwi uliwaacha watoto wengi yatima. Programu yake aliigawa bure, na tangu hapo aliwaomba wanaoitumia wawasaidie watoto hao. Hadi leo, ukiifungua bila faili, skrini yake hutaja watoto wa Uganda. Alifariki mwezi Agosti 2023, na ombi lake bado linasomwa. Vim huandika mahali ulipofika katika faili lililofichwa liitwalo viminfo. Ikisahau, sababu huwa moja ya mbili: ama amri ya kurudi mahali hapo haijawekwa katika mipangilio, ama faili hilo liliwahi kuandikwa na msimamizi wa kompyuta na sasa mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kuliandika. Kijana na atazame faili hilo ni la nani, alirudishe kwa mwenyewe, na tatizo litakwisha.

Hizo ndizo dawa za mashine. Lakini dada yetu tunamwomba asiishie hapo, kwa sababu hata zikifanya kazi zote, bado mstari wa deni unaweza kurukwa. Programu hujua kalamu yake ilifika wapi kwenye skrini. Jicho lilifika wapi kwenye daftari la baba, hilo haliijui kabisa. Anakili mtu kwa mahali pawili, na alama inahitajika pawili.

Waliotutangulia waliyajua haya kabla ya stima. Waandishi wa miswada ya Kiarabu walikuwa na desturi ya kuandika, chini ya ukurasa, neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili karatasi zikitawanyika zipangike. Na mwanafunzi alipoisoma nakala yake mbele ya mwalimu kuilinganisha na asili, kikao kilipokwisha aliandika pembeni neno balagha, maana yake "amefika". Kesho yake hapakuwa na ubishi wa wapi pa kuanzia. Walijua pia kwamba jicho huhama, kwamba likiona neno lile lile katika mistari miwili huruka kutoka huu hadi ule na kumeza kilicho baina yao. Ndilo lililomfika dada yetu kwa maneno "Na kwa fulani".

Basi afanye hivi. Kila amalizapo kazi ya usiku, aandike katika waraka wenyewe, pale alipofika, neno asilolitumia kwingine, mfano BALAGHA kwa herufi kubwa, na mbele yake tarehe pamoja na nambari ya ukurasa na mstari wa daftari. Kesho, kwa mashine yoyote na programu yoyote, abonyeze Ctrl na F, aandike neno hilo, naye atafika. Alama hii ni herufi kama herufi nyingine. Husafiri na waraka kwenye flashi, na haihitaji kutambuliwa kwa jina. Akishaanza kuandika, aifute, asije akaiacha katika nakala ya mwisho.

Kwenye daftari, aweke ukanda wa karatasi chini ya mstari anaounakili, na aufunge daftari ukiwa mahali pake. Tunamsihi asiandike kitu ndani ya daftari lenyewe, hata kwa penseli. Hilo ni hati ya marehemu na ushahidi wa wenye haki. Mkono wa mwingine usiingie humo.

Na kabla nakala haijasomwa tena mbele ya warithi, ifanyiwe mukabala. Wakae wawili: mmoja, na shangazi yule ndiye afaaye, asome daftari kwa sauti, na mwingine afuate kwenye skrini kwa kidole. Kila ukurasa wahesabu maingizo, ya daftari na ya nakala, na hesabu zikitofautiana wasigeuze ukurasa. Watoto wakubwa wakae karibu wasikilize. Wataisikia nasaba yao, na watajifunza kuzisoma zile herufi ambazo babu yao aliandikia na ambazo nyumba nyingi zimeanza kuziacha.

Kuhusu swali la pili, kama aache kazi hii, jawabu letu ni kwamba asiache. Daftari lina wino unaofifia na karatasi zinazoliwa na wadudu, na yule mama jirani umri unakwenda. Deni lake lirudishwe katika orodha juma hili hili, warithi wote wajulishwe kwa maandishi, na lilipwe kabla ya jambo lolote. Kisha dada aendelee, ukurasa kwa ukurasa, akijua kila usiku amefika wapi.

Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu aliyeandika madeni yake kwa mkono wake asije akadhulumu mtu, na amsahilishie binti yake kazi hii. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.